Bose: Bingwa wa cheche aliyesusia mshahara wa kibaguzi

ANAYEPITA usiku kando ya kuta za mtaa wa Elgon View, mjini Eldoret, huenda akasikia mdundo hafifu kwenye nyaya za umeme zilizotandazwa juu yake. Ni maelfu ya volti, yakitumwa kwa mapigo mafupi, takriban moja kila sekunde. Lango la mapigo hayo hufunguliwa na semikondakta, kitu kisichopitisha umeme ovyo wala kuuzuia kabisa.

Vitu hivyo viwili, mapigo ya umeme mkali na semikondakta, vilikutana zaidi ya karne moja iliyopita mezani pa mwalimu mmoja wa Kolkata, India.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa Novemba 30, 1858, katika eneo ambalo leo ni Bangladesh. Babake, japo afisa wa serikali ya mkoloni, alimpeleka kwanza katika shule ya Kibengali, alikosoma na mwana wa mvuvi. Baadaye alisomea Cambridge, Uingereza.

Alipoajiriwa katika Chuo cha Presidency mnamo 1885, alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa Wazungu. Hakugoma. Alifundisha miaka mitatu bila kupokea hata senti, hadi wakubwa wakasalimu amri na kumlipa malimbikizo yote. Walimu wa Kenya watamwelewa.

Maabara hakupewa. Katika chumba kidogo, akisaidiwa na fundi wa mabati, aliunda mtambo ambao koili yake ilirusha cheche za volti nyingi baina ya vigololi vya metali. Alitambua kuwa cheche za mfululizo huchakaza vigololi. Akatumia cheche moja moja, kila moja ikitoa mawimbi yenye urefu wa milimita chache tu. Mwaka 1895, hadharani, mawimbi yake yalipenya kuta, yakapiga kengele na kulipua baruti.

Kuyanasa alitumia pia galena, madini ya risasi. Hataza aliyopewa Marekani mnamo 1904, kwa kushinikizwa na marafiki, huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya kifaa cha semikondakta. Aliiacha ikafa, kwani hakutaka kuchuma fedha kwa elimu. Kwa maoni yetu, hapo aliteleza: taasisi yake ya utafiti aliifungua 1917, siku aliyotimiza miaka 59.

Alifariki Novemba 23, 1937. Mnamo 1955, Walter Brattain, mmoja wa wavumbuzi wa transista, alimtambua kwa maandishi kuwa wa kwanza kunasa mawimbi ya redio kwa fuwele ya semikondakta.