Maisha ya Bwana Gunpei Yokoi

Bwana Yokoi alizaliwa Japani mwaka 1941. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo ya Kyoto, wakati huo kampuni ya karata, awe mtunzaji wa mitambo. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa Game Boy, chombo cha mkononi cha michezo ya video, kisicho na picha za rangi. Atari na Sega walileta vyenye rangi. Lakini vyao vilimaliza betri sita kwa saa chache, hali chake kilikwenda zaidi ya saa 10 kwa betri nne. Sisi tununuao betri za tochi hapa Gulwe twaelewa upesi! Tena Nintendo iliwatangulia wengine kupata haki ya Tetris ya mkononi, mchezo wa Mrusi Alexey Pajitnov. Wapinzani hawakuifikia kwa mauzo.

Alikufa ajalini mwaka 1997. WonderSwan, chombo chake cha mwisho, kilitoka mwaka 1999, nacho kilitumia betri moja.