ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI, TABIBU ALIYEUHURUMIA MFUPA WA TAYA

Ndugu wanafunzi, ni nani kati yetu asiyeujua usiku wa jino? Safari hii tumeona vyema tuwaletee maisha ya mwanachuoni aliyelishughulikia jambo hilo kwa makini miaka elfu moja iliyopita, huko Andalusi. Wengi wetu tumemzoea Ibn Sina. Huyu hatajwi sana, nasi tunaona ameonewa.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi. Alizaliwa yapata mwaka 936 Miladia katika Madinatuz-Zahraa, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga wakati huo karibu na Qurtuba, katika nchi ambayo leo ni Hispania. Nisba yake imetokana na mji huo. Wanahistoria hawakutuachia mengi juu ya nyumba yake wala walimu wake. Ibn Hazm, aliyeishi zama zake, alikisifu kitabu chake, na baadaye Al-Humaydi akamtaja miongoni mwa watu wa elimu wa Andalusi. Mengi tunayoyajua juu yake tunayapata ndani ya kazi yake mwenyewe.

Kazi hiyo ni kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, alichokimaliza yapata mwaka 1000 baada ya miaka mingi ya kutibu watu. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora vyombo vya kazi vipatavyo 200, ili mwanafunzi amwonyeshe mhunzi na kumwagiza amtengenezee. Katika utangulizi wake anashikilia kwamba asiyejua umbo la mifupa, mishipa na misuli asishike kisu. Anaeleza kisa cha tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na damu ikamtoka bibi yule mpaka akafa mbele yake.

Kwenye meno ndipo tunapomwona vizuri zaidi. Alichora vikwaruzio 14 vya kuondolea ukoga, kila kimoja na umbo lake, kwa kuwa upande wa nje wa jino haukwaruzwi kama wa ndani. Kung'oa hakukupenda. Alionya kwamba maumivu humdanganya mgonjwa: hulionyesha jino zima, likang'olewa, na kesho yake jino bovu linaendelea kuuma kama kawaida. Kwa hiyo tabibu ahakikishe kwanza. Akishahakikisha, autenge ufizi na jino pande zote, alitikise kidogo kidogo kwa vidole au kwa koleo nyepesi mpaka lilegee, kisha akiweke kichwa cha mgonjwa kati ya magoti yake na kulivuta kwa koleo imara, moja kwa moja, bila kulipindisha. Kama jino lina tundu, alijaze kwanza kitambaa na kukishindilia, lisije likamomonyoka ndani ya koleo. Baadaye mgonjwa asukutue kwa siki na chumvi.

Aliowakasirikia ni vinyozi wa zama zake waliokuwa wakivamia vinywa vya watu bila elimu. Aliona kwa macho yake wakivunja jino na kuacha mizizi ndani, au kulitoa pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Hapo pana jambo kubwa, maana jino likitoka, mfupa uliokuwa ukilishika nao huanza kupungua, na taya lililovunjwa huwa limepungukiwa zaidi.

Kwa meno yaliyolegea, Az-Zahrawi aliyafunga kwa uzi wa dhahabu kwenye meno mazima ya jirani. Fedha hakuipendelea kwa kuwa huharibika rangi baada ya siku chache. Jino lililodondoka aliona linaweza kurudishwa mahali pake na kufungwa hivyo hivyo, au likachongwa jingine kwa mfupa wa ng'ombe. Ni ufundi wa ajabu, lakini jino hilo lilitegemea majirani. Asiye na majirani wazima alibaki kibogoyo.

Tatizo hilo lilingoja karne nyingi. Huko Sweden, Per-Ingvar Brånemark aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na madini ya titani, na mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya madini hayo ndani ya taya. Siku hizi mgonjwa ambaye taya lake limekwisha sana hupigwa picha za eksirei zinazouonyesha mfupa pande zote katika kompyuta. Daktari huona palipobaki unene, mshipa wa fahamu unapopita katika taya la chini, na uwazi uliopo juu ya magego ya juu, kabla hajagusa ufizi. Kisha hutengenezwa kiongozi cha plastiki chenye matundu, kinachovishwa kinywani ili keekee ipite pale palipopangwa tu. Pale ambapo taya la juu halina tena mfupa wa kutosha, baadhi ya vipandikizi virefu hupelekwa mpaka kwenye mfupa wa shavu. Makosa hupungua, ingawa hayaishi, na mkono usio na elimu ungali na hatari ile ile aliyoiona Az-Zahrawi.

Uzeeni mwake fitna iliingia Andalusi. Mwaka 1010 Madinatuz-Zahraa iliporwa na kuharibiwa, naye alifariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake kilisalimika. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo. Mwaka 1465 Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya akaiandika kwa Kituruki na kuongeza picha za tabibu akiwa kazini na wagonjwa wake, na mwaka 1497 ile ya Kilatini ikapigwa chapa Venice. Ulaya walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Albucasis. Mkilikuta jina hilo katika vitabu vya sayansi, basi ni Abul-Qasim wetu huyu.