Alfred Shrubb, kijana wa Slinfold aliyewashinda wote kisha akafungiwa kwa sababu ya pesa

Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1908 ilifanyika London. Katika mbio za maili tano, yaani kilometa nane, Mwingereza Emil Voigt alipata medali ya dhahabu kwa kutumia dakika 25 na sekunde 11. Miaka minne kabla ya hapo, Mwingereza mwingine alikuwa amemaliza umbali huohuo kwa dakika 24 na sekunde 33. Huyo wa pili hakuwepo uwanjani London. Hakuwa mgonjwa wala mzee, alikuwa na miaka 28 tu. Lakini alikuwa amefungiwa.

Jina lake ni Alfred Shrubb. Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1879 huko Slinfold, kijiji cha jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Mji wa karibu ni Horsham, mwendo wa kilometa kama sita. Ni nchi ya mashamba, misitu ya mialoni na udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha kidogo tu, udongo huo unashika viatu na haviachi. Kando ya kijiji inapita barabara ya kale ambayo Waroma waliijenga kuunganisha London na pwani, na tangu 1865 kijiji kilikuwa na kituo cha gari la moshi. Lakini watu wa kawaida walipita hasa kwenye vijia vidogo, kutoka shamba hadi shamba, kutoka nyumbani hadi kanisani, hadi kazini, hadi sokoni Horsham.

Vijia hivyo vinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu huku kwetu wengi watashangaa. Katika Uingereza, shamba linaweza kuwa mali ya tajiri mkubwa, lakini kama watu wamepita hapo tangu zamani, haki yao ya kupita inabaki. Mwenye shamba anaweza kupanda ngano na kufuga ng'ombe, ila hawezi kufunga kijia. Pale kijia kinapokutana na ua wa miti, kunawekwa ngazi fupi ya mbao ili mtu aruke upande wa pili. Baadaye sheria ya mwaka wa 1949 iliamuru njia hizo zichorwe kwenye ramani rasmi, lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko sheria. Kwa kijana asiye na uwanja wala kocha, nchi nzima iliyozunguka kijiji ilikuwa uwanja wake.

Shrubb alifanya kazi ya ujenzi, kazi ya mikono. Kisa cha namna alivyogunduliwa kinasimuliwa hadi leo kule Sussex. Kunako mwaka wa 1898 moto uliwaka Southwater, kijiji jirani. Gari la zimamoto, ambalo wakati huo lilivutwa na farasi, lilipita likipiga kengele, na Shrubb akalikimbilia akiwa na nguo na viatu vizito vya kazi. Alikimbia nalo kilometa kama tano mpaka kwenye moto. Nahodha wa klabu ya wakimbiaji ya Horsham Blue Star Harriers naye alikuwa amekimbia kwenda kutazama, na alipoona kijana huyo hakuachwa nyuma, akamwalika kwenye klabu. Hadithi za namna hii huongezewa chumvi kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo, lenye hakika ni kwamba miaka mitatu tu baada ya moto ule Shrubb alikuwa bingwa wa taifa.

Neno Harriers ni jina la mbwa wa kuwinda sungura. Klabu za mbio za mashambani zilichukua jina hilo kutokana na mchezo wao: wakimbiaji wawili au watatu walitangulia wakiangusha vipande vya karatasi njiani, wengine wakawafuata kwa kutafuta karatasi hizo. Hao wa mbele ndio sungura, wa nyuma ndio mbwa. Waliruka mitaro, walipanda ngazi za mbao, walikwama kwenye matope. Mtu aliyekomaa katika mchezo huo alijua kubadilisha mwendo kila wakati, maana shamba halina mstari ulionyooka. Hilo ndilo lililokuja kuwa silaha ya Shrubb hata kwenye uwanja wa duara. Alichomoka ghafla, akatulia, akachomoka tena, hadi aliyemfuata akakata pumzi. Vilevile alifanya mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, wakati ambapo wengi waliona mara chache kwa juma zinatosha.

Kuanzia 1901 hadi 1904 alitwaa ubingwa wa Uingereza wa mbio za mashambani mara nne mfululizo. Mwaka wa 1903, nchi nne za visiwa hivyo, yaani Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, zilipoandaa mashindano ya kwanza ya kimataifa ya mbio hizo, alishinda yeye. Mwaka uliofuata alishinda tena.

Kisha ikaja tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1904, katika uwanja wa Ibrox, mjini Glasgow. Ndani ya saa moja Shrubb alikimbia kilometa 18 na meta 742. Kwa maneno mengine, alikwenda kama mtu aliyepanda baiskeli na anayeikanyaga vizuri. Njiani alivunja rekodi zote za wasiolipwa kuanzia maili sita hadi maili kumi na moja, na kuanzia maili nane akavunja pia zile za wakimbiaji wa kulipwa. Rekodi yake ya saa moja ilidumu hadi 1913, ilipovunjwa na Mfaransa Jean Bouin. Ile ya maili kumi ilimngoja Paavo Nurmi wa Finland hadi 1928.

Olimpiki ya mwaka huohuo wa 1904 ilifanyika St. Louis, Marekani, na Uingereza haikutuma timu. Mwaka wa 1905 chama cha riadha cha Uingereza kikamfungia maisha, kwa shtaka kwamba alipokea pesa. Kanuni ilikuwa kwamba mwanariadha halisi hukimbia kwa heshima tu. Mwenye shamba au mwana wa tajiri hakuona shida katika kanuni hiyo. Fundi wa ujenzi aliyeacha kazi siku mbili ili kusafiri hadi Glasgow alipoteza mshahara wa siku mbili. Katikati ya karne ya 19 kulikuwa hata na kanuni iliyowakataza wafanyakazi wa mikono kushindana na mabwana. Chama kilichoundwa Oxford mwaka wa 1880 kilifuta kanuni hiyo, na sifa hiyo kinastahili. Lakini suala la pesa lilibaki, na kwa maoni yangu lilifanya kazi ileile kwa mlango mwingine.

Shrubb akaenda kutafuta riziki ng'ambo. Marekani na Kanada alikimbia peke yake dhidi ya timu za wakimbiaji waliopokezana, na alikimbia hata dhidi ya farasi, jambo ambalo kwake halikuwa geni sana. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Tom Longboat, mwenyeji wa asili wa Kanada kutoka taifa la Onondaga. Mwezi wa pili 1909 walikutana katika jumba la Madison Square Garden, New York, kwa marathoni. Shrubb aliongoza kwa mizunguko mingi, kisha nguvu zikamwishia karibu na mwisho, na Longboat akashinda. Kwenye umbali mfupi mambo yaligeuka: hapo Shrubb ndiye aliyemwacha Longboat.

Katika miaka ya 1920 alikuwa kocha wa wanariadha wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza. Mtu aliyefungiwa kwa sababu ya pesa alilipwa sasa kuwafundisha vijana ambao hawakuhitaji kulipwa. Mwaka wa 1928 alihamia Kanada na kukaa Bowmanville, mji mdogo wa Ontario, ambako alifariki tarehe 23 mwezi wa nne 1964 akiwa na miaka 84.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa sita 1965, gari la moshi lilipita Slinfold kwa mara ya mwisho. Reli ziling'olewa, na tangu 1984 tuta lake ni sehemu ya njia iitwayo Downs Link, yenye urefu wa kilometa kama 59, kutoka vilima vya Surrey hadi Shoreham baharini. Mkimbiaji anayetoka Slinfold anaweza kuifuata hadi Southwater, kule gari la zimamoto lilikokuwa likienda. Wenye baiskeli na wenye farasi wanapita hapohapo, na kandokando, kwenye vijia vya mashamba, matope ya wakati wa mvua ni yaleyale.