Leriche, Mpasuaji Aliyepigana na Maumivu

Katika matabibu wa Ulaya wa karne ya 20, ni wachache walioyashughulikia maumivu ya binadamu kama René Leriche. Alizaliwa Roanne, Ufaransa, mwaka 1879, akasomea upasuaji Lyon. Siku hizo mtu akikosa damu miguuni, mara nyingi alingoja donda ndugu, kisha msumeno.

Mojawapo ya maradhi hayo ni lile alilolieleza Leo Buerger huko New York mwaka 1908, linalowapata hasa wavutaji tumbaku wangali vijana. Mishipa ya damu ya miguu na mikono huvimba ndani, damu ikagandia humo, njia ikaziba. Vidole hupoa, huwa vyeusi, na mgonjwa hukesha ameukumbatia mguu wake.

Leriche alishika njia aliyoianza Mathieu Jaboulay huko Lyon mwaka 1899. Mishipa ya damu huzungukwa na mishipa ya fahamu inayoiamrisha ijibane. Amri hiyo ikikatwa, vijia vilivyosalia hupanuka na mguu ukapata joto. Kwanza aliliambua ganda la nje la mshipa wa damu, na katika Vita Vikuu vya Kwanza akawapasua hivyo askari ambao majeraha yao yalipona lakini maumivu yakabaki kuwaunguza. Baadaye, akiwa profesa Strasbourg, alikata mafundo ya fahamu yaliyo kiunoni, kando ya uti wa mgongo. Wenziwe wengi walishika kuwa maumivu ni mlinzi wa mwili. Yeye alikataa katakata: maumivu yasiyokwisha, kwake, ndiyo ugonjwa wenyewe.

Nafuu ilionekana, vidonda vingine vikafunga. Lakini mshipa uliokwisha kuziba haukuzibuka, na aliyerudia sigara alirudiwa na maradhi. Hata leo hakuna kinachoyasimamisha kama kuacha tumbaku kabisa, na wavutaji wetu wasikie.

Sifa zake zina doa. Mwaka 1940 serikali ya Vichy ilipounda baraza la matabibu, alikubali kuliongoza, akawa nalo hadi 1942, wakati wa sheria zilizowabana matabibu wa Kiyahudi. Wanaomsifu hupenda kuuruka ukurasa huo.

Mwaka 1948 mwanafunzi wake, Jean Kunlin, alipata mgonjwa wa mguu aliyekwisha kupasuliwa na Leriche bila ya kupona. Akatoa mshipa mwengine wa mgonjwa huyohuyo, akauunga juu na chini ya palipoziba, damu ikapita kando. Kwa maradhi ya Buerger, yanayoziba hata mishipa midogo ya chini, mara nyingi hukosekana pa kuunga; kwa wengine wengi mguu huokoka. Leriche alifariki Cassis mwezi wa Desemba 1955, njia hiyo ya mwanafunzi wake akiwa ameiona.