John Bunyan, mtu aliyesimama juu ya ahadi ya Mungu



Sisi tunaotembelea waaminifu nyumbani mwao tunakutana na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayeshika makatazo yote ya kanisa, hanywi pombe, hakosi maombi, na ndani ya moyo anahesabu ya kuwa Mungu ana deni kwake. Wa pili ni yule aliyeanguka, akaona haya, akaacha kuja katika ibada, kwa sababu anawaza ya kuwa agano lake na Mungu limevunjika milele. Leo tutajifunza maisha ya mtu aliyekuwa kama wa kwanza, kisha akawa kama wa pili, mpaka Mungu akamwonyesha njia. Jina lake ni John Bunyan.

1. Utoto na ujana wake

Bunyan alizaliwa katika Uingereza mwaka wa 1628, katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vya shaba. Jamaa ilikuwa maskini, lakini walimpeleka mtoto shuleni ajue kusoma na kuandika. Kisha akajifunza kazi ya baba yake.

Mwaka wa 1644 ulikuwa mwaka wa machozi. Mama yake alikufa katika mwezi wa 6, na dada yake akafuata katika mwezi wa 7. Nchi nayo ilikuwa katika vita, mfalme akipigana na bunge. Bunyan akaingia katika jeshi la bunge akiwa angali kijana sana. Siku moja alichaguliwa kwenda mahali pa mapigano, lakini askari mwenzake akaomba kwenda badala yake. Yule askari akapigwa risasi katika kichwa, akafa. Miaka mingi baadaye Bunyan aliandika jambo hili katika kitabu cha maisha yake. Mtu mwingine alikuwa amekufa mahali pake.

2. Alipotafuta haki kwa matendo ya sheria

Alipotoka jeshini akaoa. Yeye na mke wake hawakuwa hata na sahani ao kijiko. Mali ya mke ilikuwa vitabu viwili vya dini, alivyoachiwa na baba yake. Bunyan alikuwa mtu wa matusi na michezo, hata siku ya Bwana. Siku moja mwanamke mmoja, ambaye mwenyewe hakuwa na sifa nzuri, akamkemea kwa matusi yake. Bunyan akaona haya sana.

Tangu hapo akaanza kushika amri 10 kwa nguvu zake zote. Aliacha matusi, akaacha kupiga kengele kwa kujifurahisha, akaacha hata kucheza ngoma. Siku aliyoshika amri vizuri alifurahi, na siku aliyovunja alilia na kuahidi kufanya vizuri zaidi kesho. Majirani wakamsifu, naye akapenda kusifiwa. Lakini baadaye alikiri ya kuwa wakati ule hakumjua Kristo bado. Alikuwa amesafisha sehemu ya nje tu.

Kazi yake ikampeleka Bedford. Huko akakuta wanawake maskini wachache wameketi mlangoni penye jua, wakizungumza mambo ya Mungu. Akakaribia, maana alijiona hodari wa kuzungumza dini. Lakini hakufahamu maneno yao. Walisimulia namna Mungu alivyozaa mioyo yao upya, namna ahadi zake zilivyowafariji katika majaribu, na namna haki yao wenyewe ilivyo si kitu. Bunyan akaondoka akitetemeka. Aliona ya kuwa wanawake wale walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Mchungaji wao, John Gifford, zamani alikuwa mkubwa katika jeshi la mfalme, mlevi na mcheza kamari, kabla Bwana hajambadilisha.

3. Giza, kisha nuru

Msifikiri, wapendwa, ya kuwa siku ile ile alipata amani. Alipita katika giza la muda mrefu. Wazo baya lilimsumbua usiku na mchana, likimtaka amuuze Kristo kama Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Siku moja akachoka kupigana nalo, akakubali katika moyo. Papo hapo akajiona amepotea. Kila aliposoma habari za Esau katika Waebrania 12, alihisi ya kuwa mlango umefungwa.

Kabla ya jaribu hilo alikuwa amepata kitabu cha zamani cha Martin Luther juu ya barua kwa Wagalatia, kimechakaa mpaka karibu kuanguka vipande vipande. Kuliko vitabu vyote, isipokuwa Biblia, alikipenda hicho. Kwa nini Wagalatia? Kwa sababu katika sura ya 3 mtume Paulo anafundisha ya kuwa Mungu alimpa Abrahamu ahadi kwanza, na sheria ikaja miaka 430 baadaye. Sheria iliyokuja nyuma haiwezi kufuta ahadi iliyotangulia.

Tukumbuke pia Mwanzo 15. Wazee wetu walipofanya undugu wa damu, watu wote wawili walijifunga kwa kiapo. Lakini siku ile Abrahamu alishikwa na usingizi mzito, na moto wa Mungu peke yake ukapita katikati ya vipande vya nyama. Mungu alijifunga mwenyewe. Agano linasimama kwa nguvu za Yule aliyeahidi, si kwa nguvu za yule aliyeahidiwa.

Bunyan alifahamu hivyo siku moja alipokuwa akipita shambani. Gafula ikaingia moyoni mwake ya kuwa haki yake iko mbinguni, kwa sababu haki yake ni Yesu Kristo, anayeketi mkono wa kuume wa Mungu. Moyo wake ukiwa na furaha, haki ile haiongezeki. Moyo wake ukiwa na huzuni, haki ile haipungui. Minyororo yake ikaanguka. Mwaka wa 1659 akatoa kitabu juu ya sheria na neema, akieleza ya kuwa aliye chini ya agano la matendo hubeba mzigo wake mwenyewe, lakini katika agano la neema Kristo amekwisha kuubeba.

4. Miaka 12 ya kifungo

Mwezi wa 11 wa mwaka wa 1660 alikamatwa akiwa tayari kuhubiri katika nyumba ya shamba. Serikali ya mfalme ilikataza mikutano nje ya kanisa la serikali. Wakamwambia ya kuwa akiahidi kutohubiri tena, atarudi nyumbani. Akakataa, akafungwa Bedford miaka 12. Kila siku ya miaka ile, ahadi moja ya mdomo ingeweza kumfungulia mlango.

Mke wake wa kwanza alikuwa amekufa, akiacha watoto 4. Mkubwa, Mary, alizaliwa kipofu. Mke wa pili, Elizabeth, alikuwa na mimba, na kwa mshtuko wa habari ile akazaa kabla ya wakati, mtoto akafa. Hata hivyo mama huyu alisimama mbele ya waamuzi mwaka wa 1661, akamtetea mume wake bila woga. Hawakumsikiliza. Bunyan gerezani alitengeneza kamba za viatu zenye ncha za chuma, ili watoto wapate kula. Kumwacha yule kipofu kulimuumiza kama kukatwa nyama ya mwili.

Mwanzoni alisikia ya kuwa pengine atanyongwa. Akaogopa kwamba miguu yake itatetemeka mbele ya watu, na Mungu hakumpa faraja yoyote wakati ule. Basi akaamua hivi: Mungu ana uhuru wa kumfariji ao kutomfariji, lakini yeye hana uhuru wa kumwacha Kristo. Atabaki upande wake, hata akiruka gizani. Hiyo ndiyo imani, ndugu zangu. Imani inategemea neno la Mungu hata siku ambayo moyo hausikii kitu.

5. Kitabu chake na kufa kwake

Alifunguliwa mwaka wa 1672, akawa mchungaji Bedford. Baadaye alifungwa tena kwa miezi michache. Mwaka wa 1678 akatoa kitabu cha safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni, ambacho kimegeuzwa katika luga nyingi za Afrika, pamoja na Kikongo na Kiswahili. Ndani yake kuna chumba chenye vumbi nyingi. Mtu mmoja anafagia, na vumbi inajaa hewani mpaka karibu kuziba pumzi. Kisha msichana ananyunyiza maji, na chumba kinafagiliwa vizuri. Mfagiaji ni sheria, msichana anayenyunyiza maji ni Injili. Mama zetu wanaofagia nyumba za udongo wanafahamu mfano huu kuliko walimu wakubwa.

Mwaka wa 1688 alisafiri mpaka mji wa Reading kupatanisha baba na mwana waliokosana. Akifika London juu ya farasi, mvua ilikuwa imemlowesha. Homa ikamshika, akafa tarehe 31 ya mwezi wa 8, akiwa na miaka 59.

6. Fundisho kwetu

Wewe unayeshika makatazo, endelea kuyashika, lakini kama mtoto anayempenda Baba, si kama mfanyakazi anayengoja mshahara. Na wewe uliyeanguka, ukakaa nyumbani kwa haya, rudi. Agano halikusimama juu ya miguu yako, basi kuanguka kwako hakukuliangusha. Tubu, uje. Nafasi yako katika ibada ingali wazi.

Mungu awabariki. Amina.