Edmond Albius: Mtumwa Aliyefumbua Fumbo la Vanila

Wengi wetu tumekwisha kuionja vanila katika keki au aiskrimu. Aghalabu, hata hivyo, hatufahamu kwamba ladha hiyo hutokana na ganda la okidi, wala kwamba ilienea duniani kwa kidole gumba cha mtumwa wa miaka 12. Makala haya yanadurusu maisha ya mtumwa huyo, Edmond Albius.

Edmond alizaliwa mwaka wa 1829 huko Sainte-Suzanne, katika kisiwa cha Bourbon kilicho Bahari ya Hindi, ambacho leo hujulikana kama Réunion. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Wafaransa, na mashamba yake yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa na asili ya Bukini na pwani ya Afrika Mashariki. Mamake, Mélise, aliaga dunia alipokuwa akimzaa. Mtoto hakuwa na jina la ukoo, wala hakutiwa shuleni. Alilelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, mlowezi aliyeipenda mno elimu ya mimea, naye akawa akimwandama bustanini na kujifunza kwa kutazama.

Ili kuithamini kazi yake, hatuna budi kulielewa ua lenyewe. Asili ya vanila ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Katika mageuko ya karne na dahari, okidi hii ilijenga utando mwembamba baina ya sehemu ya kiume yenye chavua na sehemu ya kike inayoipokea. Utando huo hulizuia ua kujichavusha, hivyo likategemea nyuki wa kwao. Faida yake ni bayana: jeni za mimea mbalimbali huchanganyika, uzao ukatofautiana, nayo spishi ikapata nguvu ya kuyahimili maradhi.

Hekima hiyo ya maumbile iligeuka pingu mmea ulipohamishwa. Vanila ililetwa Bourbon takriban mwaka wa 1820, lakini nyuki wake hawakuja nayo. Kila ua lilifunguka kwa siku moja tu, kisha likanyauka bila kuzaa. Mwaka wa 1836 Charles Morren, mtaalamu wa Ubelgiji, alifaulu kulichavusha, ila mbinu yake haikuwafaa wakulima.

Mwaka wa 1841 Bellier-Beaumont aliona maganda mawili kwenye mmea wake uliokuwa tasa kwa miaka mingi. Edmond alipomwarifu kuwa ndiye aliyeyasababisha, bwana wake hakusadiki mpaka alipoonyeshwa. Kwa kijiti chembamba, kijana aliuinua ule utando, kisha akabana kwa kidole gumba hadi chavua ikagusa sehemu ya kike. Punde si punde alizungushwa mashambani kuwafunza watumwa wenzake. Mwaka wa 1848 kisiwa kiliuza nje takriban kilo 50 za vanila. Kufikia 1898 zilikuwa takriban tani 200.

Je, mvumbuzi alivuna nini? Utumwa ulipokomeshwa kisiwani Desemba 1848, alipata uhuru na jina la Albius, linalohusishwa na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Ardhi na malipo hakupata. Alikwenda Saint-Denis kuwa mtumishi wa jikoni, akatiwa hatiani kwa wizi wa vito na kufungwa. Bellier-Beaumont alimwombea kwa gavana, akaachiliwa kabla ya muda wake. Fauka ya hayo, Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea mwenye sifa, alidai kuwa mbinu ile ilikuwa yake. Bellier-Beaumont alimtetea Edmond kwa maandishi, na utetezi huo ulichangia kulihifadhi jina lake. Lakini tumbo halishibi jina: alifariki maskini hohehahe huko Sainte-Suzanne, Agosti 1880.

Hadi leo vanila ya Madagaska, Komoro na Uganda huchavushwa kwa mbinu yake. Hata hivyo, mashamba ya Bahari ya Hindi yalienezwa kwa vipandikizi vya mimea michache, kwa hiyo jeni zake zinakaribia kufanana. Kuvu wa fusariamu anayeozesha mizizi akiweza kuua mmea mmoja, huweza kuiua na jirani yake. Ndiyo maana watafiti wa Madagaska wamepandanisha vanila ya shambani na spishi nyingine ili kupata mahuluti yenye ustahimilivu, na upandanishaji huo pia hufanywa kwa mkono. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kila ganda la vanila linalovunwa mbali na misitu ya Meksiko lina deni kwa Edmond Albius.