Koomenjwe, kiongozi wa kale aliyewavusha Wameru majini

WATAWALA wengi wa zama za kale wanakumbukwa kwa mawe waliyoyaacha. Mafirauni wa Misri wana mapiramidi, wafalme wa Aksum wana minara iliyochongwa kila mmoja kutoka jiwe moja, naye Alexander Mkuu, aliyefariki Babiloni mwaka 323 kabla ya Kristo, ana mji wa Alexandria unaobeba jina lake hadi leo.

Koomenjwe wa Wameru hana piramidi wala mji. Hakupiga sarafu, hakujenga ngome, na hakuna aliyeandika habari zake akiwa hai. Yote yanayojulikana kumhusu yamepita kinywani mwa wazee, kizazi hadi kizazi, kutoka Igembe hadi Mwimbi.

Wazee wanasimulia kwamba Wameru walikuwa wakiishi Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. (Msomaji wa Kiswahili ataona kuwa nusu ya jina hilo haihitaji mkalimani, kwani lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja wa Kibantu.) Mabwana hao waliwatumikisha, na walipotaka kisa cha kuwaangamiza wakaanza kuwapa mitihani ambayo kwa macho ya kawaida haikuwezekana.

Walitakiwa kuleta ndama anayetoa kinyesi cheupe. Wakamlisha ndama maziwa matupu hadi kinyesi kikageuka rangi. Wakaagizwa walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya huku na huku. Wakaambiwa wamlete mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za paa. Kisha tunda dogo likatupwa katika shimo refu na jembamba, wakaamriwa walitoe bila kulichokoa. Wakamimina maji shimoni, tunda likaelea hadi juu.

Katika masimulizi mengi, akili iliyotegua mafumbo hayo ilikuwa ya Koomenjwe. Mtihani wa mwisho haukuwa na jibu: kufua mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo ndipo alipowashauri watu wake kwamba dawa iliyobaki ni kutoroka.

Walipofika ukingoni, inasimuliwa, watu watatu walijitolea uhai wao kuwa kafara, kiongozi akayapiga maji kwa fimbo yake, nayo yakapasuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri Ntune, wekundu. Na waliovuka kukiwa kumepambazuka Njeru, weupe. Koo za Wameru zimegawanywa kwa rangi hizo tangu hapo.

Je, Mbwaa ilikuwa wapi? Wapo wanaosema Misri, na wapo wanaosema Uyahudi wa kale. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, aliielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kuuweka uhamaji huo mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja ya pwani ina uzito zaidi. Kati ya Manda na bara kuna mlango mwembamba wa bahari, na bahari ya pwani yetu hujaa na kupwa kila siku. Kisiwani humo pia kuna magofu ya Takwa, mji wa Waswahili ulioachwa na wenyewe mwishoni mwa karne ya 17. Kutoka hapo, msafara ulifuata Mto Tana kuelekea bara hadi nchi ya Tharaka, kisha ukapanda miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyambene.

Wenye shaka husema kisa hiki kimeibwa kutoka kwa Musa, kwa kuwa wamishonari Wakatoliki wa Consolata walifika Meru mwaka 1911 na Wamethodisti wakafuata mwaka 1912. Huenda fimbo ilipata mng'aro mpya shuleni. Lakini kitabu cha Kutoka hakina mbwa mwenye pembe wala tunda linaloelea, na mitihani hiyo ndiyo moyo wa kisa. Musa alishinda kwa mapigo kumi. Koomenjwe alishinda, kwa muda, kwa kufikiri.

Majirani wao Waembu hawana safari kama hiyo katika kisa chao kikuu. Wao huanza na Mwenendega na mkewe Nthara, waliokutana penye maji karibu na Runyenjes, ambako msitu wao mtakatifu umehifadhiwa. Huko hakuna mtawala, kuna wazazi.

Urithi mkubwa wa Koomenjwe ni cheo cha Mugwe, ambacho yeye anatajwa kuwa wa kwanza kukishika. Mugwe hakuwa mfalme. Hakuwa na jeshi, na nguvu yake ilikuwa kubariki. Mugwe wa Imenti aliufunika mkono wake wa kushoto chini ya vazi, akiutoa tu wakati wa kutoa baraka, na iliaminika kuwa kuutazama ni kifo.

Mwingereza Edward Horne alipofungua kituo cha serikali Meru mwaka 1908, ukoloni ulihitaji machifu wa kutoza kodi na kutoa amri, si mtu wa kubariki. Mugwe akasukumwa pembeni. Padri Mwitaliano Bernardo Bernardi alipoandika kitabu kuhusu cheo hicho mwaka 1959, tayari alikieleza kama kinachofifia.

Baraza la wazee, Njuri Ncheke, lilikuwa na bahati bora. Katika miaka ya 1930 mkuu wa wilaya, H. E. Lambert, alilitambua na kulitumia katika utawala, na makao yake yako Nchiru, Tigania. Wanasiasa wanaowania vyeo Meru hufika huko kuomba baraka za wazee, jambo ambalo zamani lingewapeleka kwa Mugwe. Nalo jina la Koome bado limeenea. Miongoni mwa wanaolibeba ni Martha Koome, aliyeapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2021.